Pigo la Hewa Nalo Linahesabiwa

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nyasi za uwanja wa gofu wa Lugalo, Dar es Salaam, bado zina umande, viatu vyangu vimeshalowa, na mwalimu kama kawaida kafika kabla yangu. "Shikamoo, mama." Naitikia marahaba, na heshima inaishia hapo. "Kunja magoti, mama. Mbona umesimama kama unasubiri daladala?"

Ni kijana mdogo kuliko kitinda mimba wa kwetu. Alianza kwa kubeba mabegi ya watu akiwa kedi, akaujua mchezo kwa kuwatazama waliokuwa wakimlipa. Mimi ni mhasibu, nina miaka 47, na nilianza gofu mwezi wa tatu baada ya daktari kuniambia nitembee. Kutembea tu bila shughuli kunanichosha roho. Jina la Madina Iddi, mcheza gofu wa Arusha, nilikuwa nalisoma kwenye kurasa za michezo, nikajiambia, kwani mwenzangu ana mikono mitatu?

Kumbe kazi ipo. Shuleni nilicheza netiboli. Ukikosa pasi, unamgeuzia macho aliyekurushia. Hapa mpira umetulia kwenye nyasi, haufiki hata gramu 46, hakuna anayekukaba, na bado unaukosa. Mwezi mzima mwalimu alinipa fimbo moja tu, namba saba. Sheria inaruhusu hadi 14 kwenye begi, lakini nyingine zangu zilikuwa zinapanda gari na kurudi nyumbani bila kuguswa. Nilikuwa naishika kwa nguvu zote mpaka viganja vinawaka. "Mama, hiyo si nguo unakamua."

Lakini nilichotaka kuandika ni habari ya kadi, ile unayoandikia idadi ya mapigo yako.

Wiki tatu zilizopita alinitoa kwenye uwanja wa mazoezi, tukaenda kucheza mashimo tisa kwelikweli. Shimo la pili mpira wangu uliingia kichakani. Nikaupiga, ukasogea hatua mbili. Nikapiga tena kwa hasira, fimbo ikapita juu yake bila kuugusa. Nikatazama huku na huku. Mwalimu alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu. Basi, nikajiambia, hilo lilikuwa la kujipasha moto. Mbele kwenye grini, zile nyasi fupi zenye shimo, mpira ukagoma kiganja kimoja kutoka kwenye shimo; nikauokota kwa mkono, maana ungeingia tu.

"Ngapi, mama?"

"Saba."

Hakubisha. Alisema tuhesabu pamoja, akaanza kukunja vidole. La kuanzia, moja. La kichakani, mbili. La hewa, tatu.

"La hewa nalo?"

"Ulikusudia kuupiga?"

Nikanyamaza. Tukafika tisa, na lile la kiganja kimoja likiwemo.

Sasa mimi ndiye ninayekaa ofisini hadi saa mbili usiku nikitafuta shilingi elfu tano zilizopotea kwenye vitabu vya mtu mwingine. Mapigo mawili nimeyameza bila hata kupepesa macho, na hakukuwa na kombe wala shahidi, isipokuwa huyo kijana ambaye, sasa naamini, kamba yake ya kiatu haikuwa imefunguka. Nilikuwa namdanganya nani hasa? Usiku nilisoma habari za Bobby Jones, Mmarekani aliyebaki mchezaji wa ridhaa hadi anastaafu. Mwaka 1925, kwenye mashindano ya wazi ya Marekani, mpira wake ulitikisika kidogo kwenye nyasi ndefu kabla hajaupiga, akajitwika pigo la adhabu yeye mwenyewe. Akamaliza sare na Willie Macfarlane, wakarudiana, akashindwa. Nilizima simu nikiwa nimekasirika, sijui kwa nini.

Leo tumerudi shimo la pili. Pigo la kwanza likapotelea kulekule. Dakika tatu za kutafuta zinapita upesi kuliko unavyodhani. Tumepekua vichaka mpaka zikaisha, nikarudi kuanza upya na adhabu juu. Safari hii niliamua kutomeza kitu. Kila fimbo iliyopita hewani niliihesabu kwa sauti, hadi kedi wawili waliokuwa wanapita wakacheka.

"Ngapi, mama?"

"Kumi na moja."

Akakunja vidole, akavikunjua, akaanza tena. "Mimi nina kumi."

"Kuna ile iliyopita hewani kabla sijausogelea mpira."

"Ile ulikuwa unajipasha, mama. Haihesabiwi."

Tumebishana pale kwenye grini mpaka waliokuwa nyuma yetu wakaanza kutupigia kelele tuwapishe. Nimefuta, nimeandika kumi.