Jinsi nilivyokifanya kinanda cha kwaya kitambuliwe na kompyuta bila amri ya mtu

Kwaya yetu ya Katuba, hapa Lubumbashi, ina kinanda kisicho na sauti yake chenyewe. Kazi yake ni kutuma ishara za MIDI, yaani taarifa za noti zinazobonyezwa, kupitia waya wa USB, na sauti hutengenezwa na programu ya FluidSynth iliyomo katika kompyuta mpakato ya mtumba inayotumia Debian, mfumo endeshi wa jamii ya Linux. Mimi ndiye ninayeitunza kompyuta hiyo. Kwa miezi kadhaa, kila Jumapili asubuhi nilichomeka kinanda, taa yake ikawaka, lakini haikusikika hata noti moja mpaka nilipofungua dirisha la amri na kuandika `sudo modprobe snd-usb-audio`, amri ya kupakia kiendeshi, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa. Amri hiyo niliiandika pia kwenye karatasi na kuibandika chini ya kompyuta kwa ajili ya siku nisipokuwapo. Mwalimu wa kwaya, mzee wa watu, hakuizoea kamwe. “Mwanangu, kinanda kimekufa tena?” aliniuliza kwa simu siku niliyokuwa msibani, nikamsomea herufi moja moja huku waumini wakisubiri. Sikuona kosa lake: aliyekuja kuongoza nyimbo hapaswi kuanza ibada kwa kuandika nenosiri la msimamizi.

Lililonikera zaidi ni kwamba Linux ilipaswa kuifanya kazi hiyo yenyewe. Kifaa cha USB kinapochomekwa hujieleza: kimetengenezwa na nani, ni bidhaa gani, na ni cha aina gani. Kinanda kinachofuata kanuni ya USB MIDI iliyotolewa mwaka 1999 hujitaja kuwa kifaa cha daraja la sauti, yaani namba 01. Keneli, yaani kiini cha mfumo, huyafunga maelezo hayo katika mstari mmoja uitwao modalias na kuutangaza; udev, programu inayoshughulikia vifaa vinavyochomekwa, huupokea, kisha mstari huo hutafutwa katika faili ya `modules.alias`, ambamo vimeorodheshwa vifaa ambavyo kila kiendeshi kinaviweza. Mstari unaotuhusu sisi ni huu:

`alias usb:v*p*d*dc*dsc*dp*ic01isc01ip*in* snd_usb_audio`

Kila nyota humaanisha “chochote kile”. Kwa hiyo haijalishi kinanda kimetoka kiwanda gani. Kikijitaja tu kuwa cha sauti, kiendeshi chake kinajulikana.

Jumamosi moja baada ya mazoezi nilibaki kanisani peke yangu, nikaandika `udevadm monitor --property`, kisha nikachomoa waya na kuuchomeka tena. Tangazo lilitoka mara moja, na ndani yake niliuona mstari wa MODALIAS wenye `ic01isc01`, sawasawa na inavyotakiwa. Nikafungua `modules.alias`: mstari wa kiendeshi ulikuwamo. Swali limetangazwa, jibu lipo, na bado kiendeshi hakikupakiwa. Ndipo nilipoandika `modprobe -c | grep blacklist`, na katikati ya orodha ndefu nikaliona neno `blacklist snd_usb_audio`.

Mstari huo ulikuwa katika faili ndogo ndani ya `/etc/modprobe.d`, iliyoachwa na kijana aliyetuuzia kompyuta. Nilipompigia alikumbuka: maikrofoni ya kamera yake ya USB ilikuwa ikijifanya kadi ya kwanza ya sauti, ile ambayo kompyuta huitumia kutoa sauti, spika zikanyamaza, naye akaamua kukizuia kiendeshi kizima. Hapo nikaelewa kilichonipoteza muda wote ule. Neno `blacklist` huzuia kiendeshi kisiitwe kupitia majina ya badala, kama ule mstari wenye nyota. Halimzuii mtu anayekiita kwa jina lake halisi. Amri yangu ya kila Jumapili ilikiita kwa jina, ikapita, na kwa kufanya kazi vizuri hivyo ikanifanya niamini kwamba tatizo ni la kinanda.

Niliufuta mstari ule na badala yake nikaweka `options snd_usb_audio index=-2`, unaoruhusu kiendeshi kipakiwe lakini hukataza kifaa cha USB kushika nafasi ya kadi ya kwanza. Nikawasha kompyuta upya, nikachomeka kinanda, kikatambuliwa bila mimi kugusa chochote.

Nilidhani nimemaliza, kumbe lilibaki jambo la umeme. Kinanda chetu hutumia adapta ya ukutani, ilhali kompyuta ina betri. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, kompyuta inaendelea, kinanda kinazimika, na jenereta ikiwashwa kinarudi kama kifaa kipya kabisa. Safari hii kiendeshi hakikuwa na shida, kwa kuwa kikishapakiwa hubaki katika kumbukumbu hata kifaa kikichomolewa. Nilipoandika `aconnect -l`, amri inayoorodhesha milango ya MIDI na viungo vyake, nilikiona kinanda, nikaiona na FluidSynth, ila kiungo kati yao kilikuwa kimepotea. Niliandika kanuni ya udev ya kuendesha skripti fupi ya kuviunganisha. Wakati mwingine skripti iliwahi kabla mlango wa MIDI haujawa tayari, na jioni mbili zikaishia hapo. Baadaye, nikisoma maelezo ya FluidSynth yenyewe, nilikuta mpangilio uitwao `midi.autoconnect`. Ukiwekwa 1, programu husikiliza milango mipya ya MIDI na kujiunganisha nayo. Nilifuta skripti yangu pamoja na kanuni yake, nikaongeza `-o midi.autoconnect=1` katika amri inayoanzisha FluidSynth.

Karatasi ya chini ya kompyuta nimeibandua. Katika faili ya `/etc/modprobe.d`, juu ya mstari wa `index=-2`, nimeandika maelezo kwa Kiswahili: mstari huu ni wa nini, kwa nini `blacklist` iliondolewa, na siku niliyoibadilisha.