Kimkono kwenye kana

Leo Ami amelala baharini. Nimemjua maisha yangu yote na sijawahi kuliona hilo. Nimeoga, chumvi bado imo masikioni, na nataka kuandika kabla usingizi haujanichukua na mimi.

Chombo chetu ni mashua ya futi 26, ina mashine ya dizeli ndani na usukani wa kana, yaani mpini wa kugeuzia kwa mkono. Zamani tulikuwa wanne. Mmoja amenunua bodaboda, mwingine anabeba mawe ya mjengo Mtwapa, tumebaki mimi na Ami, ndugu mdogo wa marehemu baba, mtu ambaye umri wake hataki uandikwe popote. Watu wawili wakiburura mishipi mitatu, mmoja ni wa kana tu. Samaki akila, huyo wa kana hana la kufanya ila kupiga kelele. Akiiachia, mashua hugeuka ubavu na mishipi ikasukana kama mkeka. Mwaka huu jodari wa maana alitutoka kwa namna hiyo, na siku hiyo hatukusemezana mpaka tukaliona daraja la Kilifi.

Kwa hiyo niliposikia kuna baharia mgeni ametia nanga hapa horini na anauza otopailoti yake kuukuu, kifaa cha kushika usukani badala ya mtu, nikaenda kuitazama.

Sijui ni nani aliyewatia watu wetu hofu na neno hilo. Jirani aliniuliza kama chombo sasa kitakwenda chenyewe sokoni. Wengine wanasema "rubani wa mashine", na hapo huwa nacheka kidogo, maana rubani alikuwa mtu wa baharini, wa kuongoza vyombo penye miamba, kabla ndege hazijatunyang'anya neno lenyewe. Kifaa nilichonunua ni bomba jeusi tu, refu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni. Ndani mna mota ndogo, skrubu ndefu na dira. Ncha moja hukaa kwenye tundu ubavuni mwa mashua, ya pili hunasa kwenye msumari juu ya kana. Ukibonyeza, hushika mwelekeo uliopo wakati huo. Omo, yaani mbele ya chombo, ikipotoka, fimbo hutoka au huingia, ikaisukuma kana au kuivuta mpaka dira irudi pale pale. Vitufe ni sita: cha kusubiri, cha kushika, na vinne vya kuongeza au kupunguza nyuzi za dira, moja moja au kumi kumi. Basi.

Ami alikigeuza mkononi kama anayekagua papai. "Hichi ndicho cha kushika usukani? Kimkono hichi?" Jina likakaa.

Kukifunga kulichukua siku mbili. Kitabu chake kinataka msumari wa kana uwe sentimita 46 kutoka mhimili wa usukani, tundu la ubavuni liwe sentimita 59 kutoka katikati ya kana, vikutane kwa pembe mraba, na kifaa kilale sawa bila kuinama. Ni vipimo vya boti za kwao. Kana yetu iko juu ya ubavu kwa zaidi ya shubiri, ikabidi fundi achonge kigingi cha mvule cha kuinua lile tundu. Fundi wetu hupima kwa shubiri na jicho. Nilipoweka futi, alikuwa amekosea nusu sentimita, akanitazama kama kwamba futi ndiyo mbovu.

Kazi ngumu ilikuwa kutoboa. Kana ile imeng'aa pale kiganja kinapokaa, imeng'aa kama ukingo wa kinu, na mimi nimeazima keke ili niitie tundu la milimita 6. Ami alisema anakwenda kununua mahamri. Aliporudi, msumari ulikuwa umekwisha kaa kwenye gundi, na mahamri yalikuwa yamepoa. Sikumuuliza alipitia wapi.

Umeme ni wa volti 12 kutoka betri ile ile ya taa, kupitia fyuzi. Nilinunua waya mnene ingawa mwenye duka alinihakikishia kwamba mwembamba unatosha. Hautoshi: ukienda mbali umeme hufika umechoka, na mota ikizidiwa na wimbi hukata. Juu yake nimefunika nusu ya mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 20, kwa sababu vifaa hivi hudai havipitishi maji, na mimi nimeishi na maji ya chumvi muda mrefu kiasi cha kutosadiki madai.

Siku ya kwanza tulitoka saa kumi na nusu alfajiri. Upepo wa matlai, bahari imetulia, Ami ameshika kana mpaka tukapita mlango wa miamba, kisha nikanasa kimkono na kubonyeza. Kikalia kidogo, zzt, zzt. Mashua ikashika mashariki. Nikatabasamu. Baada ya dakika kama kumi nikaona nyota ya mbele imehama, na kidogo kidogo tunazunguka kushoto. Nikakitoa, nikakirudisha, nikakagua fyuzi kwa tochi mdomoni. Kushoto vile vile. Nikaanza kumlaani aliyeniuzia, kimoyomoyo, maana Ami alikuwa kimya kwa namna ile yake mbaya. Kisha akainuka, akachukua redio yake iliyokuwa ikiimba taarabu pale benchi ya nyuma, akaenda nayo omo kutafuta mawimbi mazuri. Mashua ikanyooka.

Spika ya redio ina sumaku. Dira imo ndani ya kimkono. Taarabu ilikuwa inatupeleka njia ya Lamu.

Tangu siku hiyo redio inakaa omo, na bisibisi na nanga ndogo pia zimehamishwa. Lakini lililonifundisha zaidi ni jambo la siku ya tatu. Tuliweka nyuzi 90, mashariki kamili, mwendo kama maili 5 za baharini kwa saa, tukashughulika na chambo na mishipi. Kimkono hakikukosea hata chembe; dira ilisema 90 muda wote. Karibu saa mbili baadaye Ami akatazama nyuma, akautafuta mlima Mangea, akasema, "Tuko wapi hapa? Si tunakwenda Watamu sisi." Nikafungua simu. Tulikuwa tumesogea kaskazini karibu maili 3.

Mkondo wa pwani yetu hupanda kaskazini, na kimkono hakiujui. Kinajua omo imeelekea wapi, hakijui chombo kinakwenda wapi. Mtu anaweza kutembea wima kabisa juu ya mkeka unaovutwa. Siku zote Ami alikuwa akilipa deni la mkondo kwa kuelekeza omo kusini kidogo, bila kusema, na mimi miaka yote niliyokaa pale nilidhani tunakwenda mashariki tu. Nikapiga hesabu kwenye simu: kwa mkondo ule wa maili moja na nusu kwa saa, ilitupasa kuelekea kusini nyuzi 17. Nikamuuliza Ami angetoa kiasi gani. Akanyoosha mkono, akakunja ngumi mbele ya jicho. "Ngumi moja na nusu, na kidole gumba."

Ngumi ya mkono ulionyooshwa ni kama nyuzi 10, gumba kama 2. Nikafunga simu.

Usiku nilisoma kuhusu mhandisi mmoja mzaliwa wa Urusi, Nicolas Minorsky, aliyekuwa Marekani akiifikiria shida hii hii kwa manowari. Mwaka 1922 aliandika hesabu zake, na alianza kwa kuwaangalia washika usukani. Aliona kwamba mshika usukani mzuri hatazami tu chombo kimepotoka kiasi gani sasa; anakumbuka pia kimekuwa kikipotoka kwa muda gani, na anahisi kinageuka kwa kasi gani ili aanze kurudisha mapema. Hesabu ile leo imo kwenye mashine za kila aina. Nilipoisoma nilimwona Ami, makalio yake juu ya benchi, akianza kuisukuma kana wimbi likiwa bado halijafika.

Maana hapo ndipo kimkono kinaposhindwa. Tukirudi, mawimbi yanatoka tezi, yanainua nyuma na kuizungusha omo, nacho kinahangaika kama mtu anayepepea mkaa. Nimekipunguzia ukali kutoka 5 hadi 3, kikatulia, betri ikapumua. Lakini mawimbi yakiwa makubwa nakitoa. Mlangoni pa miamba nakitoa siku zote.

Kuna la mwisho lililoninyima usingizi kabla hatujaanza. Mtu akianguka majini, kimkono hakitajua. Kitaendelea kushika mashariki kwa uaminifu mkubwa, na chombo kitamwacha. Siku ambayo Ami ameshika kana mimi nimeinama na mshipi, anageuza. Siku ambayo sote wawili tumeinama? Ni Ami aliyepata dawa: kamba nyembamba ya mita 30 inayoburuzwa nyuma, ina mafundo ya kushika, na ncha yake imefungwa kwenye kimkono. Ukiivuta, kinang'oka kwenye msumari, kana inakuwa huru na mashua inajizungusha yenyewe. Tuliijaribu kwa kuruka majini kwa zamu, horini, watoto wakitushangilia kutoka ufukweni. Yeye aliivuta akiwa amevaa kofia yake bado.

Siku za mwanzo mkono wake ulikuwa ukienda kwenye kana bila yeye kujua. Anasimulia jambo, mkono unatambaa, unakuta bomba linasogea lenyewe, unarudi mapajani. Sikusema kitu. Nilijifanya naangalia chambo.

Leo tulipata nguru watatu na felusi mmoja kabla ya saa tatu, mishipi haikusukana hata mara moja. Jua likapanda. Ami akajilaza juu ya nyavu za akiba, kikoi usoni, na baada ya muda nikasikia anakoroma. Nikakaa. Zzt, zzt. Nikamwacha.

Yapata nusu saa akaamka, hakuinuka. Akafunua kikoi jicho moja, akautafuta Mangea, akanyoosha mkono na kukunja ngumi.

"Ongeza mbili."

Nikabonyeza mara mbili. Akajifunika tena.