Nilivyoandika safari yangu ya utafiti, ikanilipa

"Mtafiti anaandika matokeo, shida zake hazimhusu mtu." Ushauri huo nilipewa na wakubwa wa kazi, nao ulinichelewesha sana. Maelezo yangu ya kwanza ya safari hiyo ya utafiti yakatoka kama wasifu unaosomwa msibani: shule, shahada, tuzo. Hakuna aliyejibu. Ajibu nini, wakati yote yamo kwenye CV?

Toleo la pili nilifuta kila kilichomo kwenye CV, nikabaki na mbalamwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwakusanyi vizuri, vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, vinalala mwaloni, ufukweni wanakoshushia samaki. Sasa pendekezo la utafiti linataka sampuli kila wiki ya kalenda! Wiki ya mbalamwezi unalipa posho msaidizi aangalie nyavu zikianikwa kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Nikaeleza nilivyopanga upya: kupima siku za giza tu, kufika mwaloni kabla jua halijachomoza, na kuchota sampuli kwenye mtumbwi wenyewe, kwa sababu ndoo za wachuuzi zikishapita huwezi kujua samaki yupi katoka kipe kipi. Wiki ya mwezi mpevu ni ya kuingiza takwimu.

Aya hiyo ndiyo iliyonilipa. Mwenzangu wa upande wa Burundi alinitumia kumbukumbu zake za mialo tulinganishe. Sasa tunaandika pamoja. Wanafunzi nao huuliza maswali yanayonionyesha pengo la mbinu kabla mhakiki hajaliona.

Ukiandika safari yako, majina ya wavuvi yaondoe. Anayekusimamia asome sehemu inayomgusa kabla haijatoka. Barua ya jarida lililokukataa usiinakili, eleza sababu kwa maneno yako. Posho na mafuta ya boti yataje, hata kwa makisio. Hapo ndipo wengi hukwama.

Wanaoogopa kudharauliwa wamtazame Johannes Haushofer: mwaka 2016, akiwa profesa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, alitoa CV ya mambo yaliyomshinda, akaongeza humo kwamba imevuta macho ya watu kuliko tafiti zake zote. Na hapa kwetu, Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, aliingia Gombe 1960 bila shahada, wala hakuwahi kulificha hilo.

Sasa naandika kuhusu 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu kuanzia Mei. Takwimu zangu zina pengo hapo, na naeleza kwa nini nimeliacha wazi badala ya kulijaza kwa wastani.