Mradi wa maji, wiki ya tatu: numpy mbili kwenye laptopu moja

Kwa ambaye hajafuatilia, natengeneza programu ndogo ya kumchorea ami yangu saa za maji kujaa na kupwa hapa Mombasa, yeye huvua Mtwapa na hesabu zake zote ni bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, na maji mafu, yakicheza kidogo tu. Jana nilimuahidi grafu ya bamvua hili, nikasema ngoja kwanza niapdeti laibrari ya kuchora kwa pip, ile ya kushushia laibrari za Python, kurudi kuwasha programu haifunguki kabisa. Kosa refu lakini la maana ni mstari mmoja tu: kuna moduli iliyokompailiwa kwa numpy 1 (numpy ni laibrari ya Python ya hesabu za namba) na sasa inapewa numpy 2. Ni laibrari ya hesabu za maji hiyo, ya zamani, na numpy 2.0 ilipotoka Juni 2024 moduli za lugha ya C za aina hiyo zilitakiwa zijengwe upya.

Kilichonila saa mbili nzima ni kwamba apt, ile ya kuweka programu za mfumo wa laptopu, yasema numpy ni 1.26.4. Nikaitoa nikairudisha, wapi. Mwisho nikaachana na apt nikaiuliza programu yenyewe, nikaandika numpy.__version__ halafu numpy.__file__, ikanitolea 2 na folda iko ndani ya ~/.local, yaani kwenye folda zangu mimi, si za mfumo. Kumbe pip iliweka yake huko, na Python hupitia huko kabla ya folda za mfumo, ikipata ya kwanza basi imemaliza, na yeyote atakayeiita numpy baadaye anapewa hiyohiyo.

Nikashusha numpy chini ya 2, hesabu zikarudi, mchoro nao ukagoma kwa sababu wataka 2 kwenda juu, na code ya mchoro nishaiandika kwa toleo jipya, kuirudisha nyuma siwezi.

Basi nimewatenganisha. Venv mbili, yaani vyumba viwili vya Python kila kimoja na laibrari zake, moja ya hesabu na 1.26.4 yake, moja ya mchoro, ya kwanza yaandika saa na mita kwenye faili ya CSV, ya pili yaisoma na kuchora. Matoleo yote nimeyaandika kamili kwenye requirements.txt, kila venv na yake.

Asubuhi grafu ikatoka safi nikamtumia ami kwa WhatsApp, akanijibu kwa voisi: "Mwanangu, hii 16:00 ndo saa ngapi? Niandikie saa kumi." Naanza nayo leo usiku.