Saa za Maji

Mwaka 2019 nilikaa kwa ami yangu mtaa wa Langoni, Lamu, katika nyumba ya mawe inayotazama bahari. Juu darini tulifunga antena iliyoelekezwa Mokowe, ng'ambo ya mkondo, tulikokuwa tukichukulia intaneti. Nyumba kumi na mbili, za jamaa na za majirani, zilitumia antena hiyo moja.

Ami alikuwa nahodha wa jahazi hadi magoti yalipomtoa baharini. Kila siku baada ya Alasiri bintiye aliyeolewa Maskati alimpigia simu, na simu haikosi kukatikakatika. Ami huikamata kwa mikono miwili, ameibana sikioni, anapaza sauti: "Wasemaje, mwanangu? Sikusikii." Iliniuma, kwa sababu mtandao ule niliufunga mimi.

Dawa niliamini ninayo. Kila upande wa mkondo palikuwa na kikompyuta cha Linux chenye Open vSwitch, programu inayokigeuza kuwa swichi, yaani kipitisha data, na kidhibiti kimoja cha Ryu, programu ya kutoa amri, kikiziongoza swichi zote mbili kwa OpenFlow 1.3, lugha ya amri hizo. Kwenye wlan0, yaani redio yenyewe, nikatengeneza foleni mbili za HTB, utaratibu wa Linux wa kugawa kasi kati ya foleni. Foleni ya 1 ni ya simu, imehakikishiwa megabiti 1 kwa sekunde hata pawe na msongamano wa namna gani. Foleni ya 0 ni ya mengine yote. Jumla nikaiwekea kikomo cha megabiti 30. Mezani nilikuwa nimeijaribu kwa waya, ikaenda barabara. Nikaiwasha asubuhi, simu zikawa safi. Alasiri sauti ikakatika vilevile.

Siku tatu sikulala vizuri. Nilipitia kanuni za kidhibiti moja baada ya moja, zote sawa. Hesabu ya paketi, yaani vipande vya data, kwenye foleni ya 1 ilikuwa inapanda kama inavyotakiwa. Lakini ping ya Mokowe, yaani muda wa paketi kwenda na kurudi, ambayo kwa kawaida ni milisekunde 4, ilifika karibu sekunde nzima.

Jioni ya tatu nikamweleza Ami.

"Juzi imeharibika saa tisa. Jana saa kumi kasoro dakika kumi."

"Na leo?"

"Saa kumi na dakika arobaini."

"Ni maji hayo," akasema, wala hakufikiri. "Bamvua hili, maji makubwa. Kila siku yachelewa kama dakika hamsini. Tazama gatini."

Nikachungulia. Ngazi ambayo asubuhi vidato vyake vilikuwa vimeanikwa hadi kwenye tope, sasa vilibaki vitatu tu juu ya maji.

Uso wa bahari ukipanda, wimbi la redio linalodunda juu ya maji hubadilika urefu wa njia yake. Likifika ng'ambo limepishana na lile lililokwenda moja kwa moja, huuana. Nikaitazama redio palepale: kasi imeshuka kutoka megabiti 65 hadi 13, na kwa kuwa redio husema kwa zamu, data halisi ni kama nusu ya hiyo. Kikomo changu cha 30 hakikuwa kinazuia kitu. HTB iliona njia nyeupe ikaachilia kila paketi, nazo zikarundikana chini yake, ndani ya draiva, programu inayoiendesha redio, kwa mamia, na huko hakuna foleni ya 1 wala ya 0. Sauti ya binti wa Ami ilikuwa imekaa nyuma ya katuni za watoto wa jirani. Paketi hupanga foleni penye wembamba, popote ulipo, na hapa wembamba ulikuwa unahama na maji. Waya wangu wa mezani usingeweza kunionyesha hilo.

Usiku ule nikaandika skripti, yaani programu fupi, nikaiweka pande zote mbili: kila sekunde 5 isome kasi ya redio, kisha ikiweke kikomo kwenye asilimia 40 ya kasi hiyo. Maji yakipwa, megabiti 26, yakijaa, 5. Video zilikwama kidogo saa za maji makubwa, majirani wakanung'unika, na mimi nikasimama na uamuzi wangu.

Kesho yake, bahari ikiwa imefunika ngazi karibu yote, simu ya Maskati iliingia. Ami aliishika kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa na kikombe cha kahawa, na kahawa ikapoa bila kunywewa, maana aliongea hadi tuliposikia adhana ya Magharibi.