Kihenge Kabla ya Banda: Hesabu ya Hei katika Stardew Valley

Katika Stardew Valley, mchezo wa kompyuta wa kilimo ambao Eric Barone aliutengeneza peke yake na kuutoa Februari 2016, jengo ambalo wachezaji wengi hulichelewesha ni kihenge, yaani ghala la kuhifadhi hei, nyasi kavu za kulishia mifugo. Banda la kuku lina mvuto wake, kwa sababu likishasimama mtu anaweza kununua vifaranga siku hiyo hiyo na kuokota mayai baada ya siku chache, ilhali kihenge hukaa tu pembeni ya shamba bila kutoa zao lolote la kuuza. Msimamo wangu, ambao naushikilia kila ninapoanza shamba jipya, ni kwamba kihenge ndicho kitangulie, tena kabla ya banda lolote, na sababu yake iko kwenye nyasi ambazo mchezaji anazikuta shambani siku ya kwanza.

Shamba hilo hukabidhiwa likiwa limejaa magugu, mawe, magogo na nyasi ndefu. Mchezaji mgeni, kwa hamu ya kupata nafasi ya kupanda, huchukua fyekeo na kufyeka kila kilicho mbele yake. Magugu humpa nyuzi za kutengenezea vifaa na magogo humpa mbao, lakini nyasi hazimpi chochote, kwa kuwa mchezo hugeuza nyasi kuwa hei pale tu ambapo kihenge kipo na bado kina nafasi. Hei inayofyekwa haiingii mfukoni mwa mchezaji. Hupaa moja kwa moja hadi kihengeni, na kama kihenge hakipo, nyasi hiyo imepotea. Hata kihenge kikiwepo, fyekeo la kawaida hutoa hei kwa uwezekano wa asilimia 50 tu. Fyekeo la dhahabu hufikia asilimia 75, na lile la iridiamu, lililoletwa na toleo la 1.6 mwaka 2024, halikosi hata mara moja, ila hayo mawili ni vifaa vya mtu aliyekwisha kuuzoea mchezo na hayamsaidii anayeanza. Kwa hiyo anayeanza anahitaji kufyeka wastani wa vishina 480 vya nyasi ili ajaze kihenge kimoja, na akiba kubwa ya nyasi za bure ni hiyo hiyo anayoiharibu katika wiki ya kwanza.

Gharama ya ujenzi si kisingizio. Robin, seremala wa kijiji, hutoza sarafu 100, mawe 100, udongo wa mfinyanzi vipande 10 na vipande 5 vya shaba iliyoyeyushwa, naye humaliza kazi kwa siku 2. Mawe yamo shambani na udongo hupatikana kwa kulima ardhi tupu kwa jembe. Kinachochukua muda ni shaba: kila kipande kinataka madini ya shaba 5 na kaa la mawe 1, na kabla ya hapo lazima uwe na tanuri, ambalo nalo hula madini 20 na mawe 25. Yote hayo ni kazi ya safari kadhaa za kushuka mgodini. Ukilinganisha na banda la kuku, linalogharimu sarafu 4,000 pamoja na mbao 300 na mawe 100, utaona kwamba kihenge kinaweza kusimama muda mrefu kabla hujapata hata nusu ya fedha za banda.

Mahali pa kukijenga hapana uzito wowote. Hei husafiri kutoka kona yoyote ya shamba hadi kihengeni, na kutoka kihengeni hadi katika kila banda, bila bomba wala mkokoteni, na vihenge vyote huhesabiwa kama ghala moja. Mimi hukiweka kwenye kona ambayo haifai kwa mazao.

Hesabu yenyewe huanza hapa. Kihenge kimoja hubeba hei 240. Kila mnyama, awe kuku au ng'ombe, hula hei moja kwa siku ambayo hakupata nyasi za malishoni, na kila majira yana siku 28. Wakati wa baridi mifugo haitoki nje kabisa, hivyo kuku mmoja anahitaji hei 28 ili avuke majira hayo. Mwenye kuku 8 anahitaji 224, na kihenge kimoja kinamtosha kwa shida. Mwenye banda la daraja la juu lenye kuku 12 anahitaji 336, na hapo kihenge kimoja kimeshazidiwa. Akiwa na banda hilo pamoja na zizi la daraja la juu lenye ng'ombe, mbuzi na kondoo 12, anahitaji 672, maana yake vihenge 3 vyenye jumla ya hei 720, na ziada inayobaki ni ya siku 2 tu. Ziada hiyo haitoshi, kwa sababu siku za mvua mifugo hubaki ndani hata katika majira mengine, na machipuko yanapoanza malisho huwa bado ni machache. Ndiyo maana kwa wanyama 24 mimi hujenga vihenge 4.

Hapa kuna jambo linaloweza kumpotosha msomaji wa Afrika Mashariki. Sisi tumezoea kwamba malisho huadimika kiangazi, jua linapokausha kila kitu. Katika mchezo huu majira ya joto ndiyo ya neema: nyasi zinaota na kuenea, mifugo inashiba nje, na anayefyeka kwa bidii wakati huo ndiye anayejaza ghala. Akili inayosubiri jua kali ndipo ianze kuwa na wasiwasi wa malisho itakuwa imejiandaa kwa msimu usio wenyewe.

Wapo wanaosema kwamba haya yote ni kujisumbua, kwa kuwa Marnie, mwenye duka la mifugo, anauza hei kwa sarafu 50 kila kipande. Ni kweli anauza. Lakini wanyama 12 kwa majira ya baridi yote ni hei 336, yaani sarafu 16,800, na fedha hizo zinatosha kujenga mabanda 4 ya kuku, ukiacha mbao na mawe. Isitoshe, duka lake hufungwa Jumatatu na Jumanne, na hata siku za kazi si ajabu kumkuta amesimama chumba kingine huku kaunta ikiwa tupu, nawe huna namna ya kumwita. Hei ya Marnie naiona kuwa ya dharura, ya kununua vipande vichache siku ambayo umeleta mnyama mpya na ghala halijakaa sawa.

Ndani ya banda kuna kisanduku cha kutolea hei kilichounganishwa na kihenge. Ukikibonyeza hukupa kiasi kinacholingana na idadi ya wanyama wa banda hilo, nawe unakipanga mwenyewe kwenye hori, kipande kimoja kwa kila nafasi. Ni kazi ndogo, ila ina manufaa yake: kila asubuhi unaona kwa macho yako hei inavyotoka. Banda na zizi vikipandishwa hadi daraja la juu, hori hujijaza zenyewe, na mchezaji husahau kabisa kwamba ghala linapungua. Dawa yake ni kukibonyeza kihenge chenyewe, mikono ikiwa haina hei, nacho kitakuonyesha idadi iliyobaki. Baridi ikiingia, mimi hufanya hivyo kila Jumapili na kulinganisha idadi hiyo na siku zilizosalia.

Suala gumu zaidi, na kwa maoni yangu ndilo tamu zaidi katika ufugaji wa mchezo huu, ni kuamua nyasi zipi zifyekwe na zipi ziachwe. Nyasi huenea zenyewe kutoka kishina hadi kwenye ardhi tupu iliyo jirani, hivyo kila kishina unachofyeka leo ni vishina kadhaa ambavyo hutavipata wiki ijayo. Kishina kilichokomaa huwa na mashada 4. Kuku na wenzake wa banda dogo hula mashada 2, wakati ng'ombe humaliza kishina kizima kwa mlo mmoja. Ng'ombe 12 wakiachiwa katika uwanja mdogo wataugeuza kuwa vumbi kwa siku chache, na palipobaki vumbi tupu hapaoti kitu mpaka ununue mbegu za nyasi kwa Pierre, mwenye duka la kijiji, kwa sarafu 100. Njia ninayoipenda ni kupanda nyasi kisha kusimika nguzo ya uzio juu ya kishina hicho hicho: mnyama hawezi kukifikia, fyekeo haligusi, lakini chenyewe kinaendelea kuzaa vishina vipya pande zote. Nguzo chache zilizotawanywa malishoni huyafanya yajirudie bila gharama nyingine. Mifugo inayoshiba nyasi za nje huwa na furaha zaidi, na ikirudi jioni haigusi hei, kwa hiyo malisho yaliyotunzwa vizuri ni akiba ya ghala pia.

Ngano nayo isidharauliwe. Mbegu yake ni sarafu 10, hukomaa kwa siku 4, huota katika majira ya joto na yale yanayofuata, na kila shina linalovunwa lina uwezekano wa asilimia 40 wa kutoa hei pamoja na nafaka. Mashina 100 hutoa takriban hei 40, na ngano yenyewe unaiuza. Hei hii, tofauti na ya nyasi, huingia mfukoni, nawe unaipeleka kihengeni kwa mkono.

Kuhusu masanduku, napaswa kusema wazi kwamba mchezo una mwanya. Hei haiozi, sanduku la mbao 50 lina nafasi 36, na kila nafasi hubeba hadi vipande 999, hivyo sanduku moja hubeba zaidi ya hei 35,000, karibu sawa na vihenge 150. Mwenye subira anaweza kutoa hei kidogo kidogo kwenye kisanduku cha bandani, akaihifadhi sandukuni, kisha akaenda kufyeka tena kujaza nafasi iliyoachwa. Hori zikiwa zimejaa kisanduku hakitoi kitu, jambo linaloifanya njia hii ichoshe katika mabanda yanayojilisha yenyewe. Siikatazi, ila siipendi. Kikomo cha 240 ndicho kinachomlazimisha mchezaji apime idadi ya mifugo yake dhidi ya ghala alilo nalo, na ukikiondoa kwa sanduku moja la mbao, ufugaji unabaki kuwa kubonyeza tu.

Mfugo ambao naufikiria zaidi katika hesabu hizi ni nguruwe. Bei yake ni sarafu 16,000, na kazi yake ni kufukua uyoga wa thamani ulio chini ya ardhi, jambo analoweza kulifanya akiwa nje tu. Wakati wa baridi hatoki, kwa hiyo hazalishi hata sarafu moja, lakini kila siku anakula hei sawa na ng'ombe anayetoa maziwa. Zizi lenye nguruwe 12 linamaliza hei 336 bila kurudisha chochote mpaka machipuko. Ukiwanyima hawafi, kwa kuwa katika mchezo huu njaa haiui mnyama, ila furaha yao hushuka na mapenzi yao kwako hupungua, na ubora wa uyoga wanaoupata baadaye hutegemea ujuzi wako wa kuokota vitu vya porini, huku uwezekano wa kupata uyoga zaidi ukitegemea mapenzi hayo. Kwa hiyo anayepanga kuwanunua katika majira ya majani kupukutika namshauri angoje hadi siku ya kwanza ya machipuko isiyo na mvua, vinginevyo ajenge vihenge 2 zaidi kabla hajamlipa Marnie.