Chai ya Mwajemi pale Deira

Mwishoni mwa 2012 nilikwenda Dubai kufuata mzigo wa mapazia. Siku ya tatu mzigo umeshafungwa, wakala ananiambia kontena halijajaa, nisubiri. Basi nikatoa dirhamu moja, nikapanda abra, mashua ya kuvushia watu, nikavuka khori kutoka Deira kwenda Bur Dubai kuzurura.

Ng'ambo ile kuna mtaa wa zamani, Bastakiya. Kwa zile kuta za matumbawe na chokaa ungedhani uko Mji Mkongwe, ila juu ya mapaa kuna minara ya mraba iliyo wazi pande zote nne, ya kukamata upepo. Nilisimama chini ya mmoja nikahisi ubaridi unanishukia shingoni.

Waliojenga ni wafanyabiashara wa Kiajemi, wengi wao wa Bastak, mji wa kusini mwa Iran. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya Iran ilikaza ushuru kwenye bandari yake ya Lingeh, wakati huo huo mtawala wa Dubai, Sheikh Maktoum bin Hasher, akaufuta wa kwake. Mfanyabiashara haambiwi mara mbili. Wajukuu zao leo wengi ni raia, kanzu nyeupe kama Waarabu wengine, usipoambiwa huwajui.

Waajemi wa kuja juzi hali yao ni nyingine. Niliporudi Deira niliingia soko la viungo, kwa mzee mmoja muuza zafarani na ndimu kavu. Akanimiminia chai bila sukari, mwenyewe akabana kibonge cha sukari kwa meno na kunywa chai ikipitia hapo. Mimi nikajaribu, kibonge kikaniyeyukia kabla ya funda la pili. Kwa Kiarabu changu cha chuoni nikamwambia kwetu Unguja wako wanaojiita Washirazi, wakidai asili ya Uajemi, na Makunduchi wana Nairuzi yao, yaani mwaka mpya, Mwaka Kogwa, mwezi wa Julai.

"Julai!" akacheka mpaka akakohoa. Ya kwao ni Machi.

Kicheko kilipoisha akaanza ya moyoni. Ana miaka 26 Dubai, lakini ukaazi wake umefungwa kwenye leseni ya duka: duka likifa, naye anaondoka. Mwanawe amezaliwa hapo hapo, si raia. Na mwaka ule vikwazo dhidi ya Iran vilikuwa vimekaza, benki yake ikamfungia akaunti bila maelezo, riali, sarafu ya Iran, ikaporomoka, na wateja wake wa Bandar Abbas kule Iran waliochukua mali kwa mkopo wakawa wanalipa karatasi. Nilinunua zafarani kidogo. Sikuthubutu kuomba apunguze bei.

Jioni nikapita gatini. Majahazi ya mbao yamebanana, friji na matairi yamerundikwa mpaka sitahani, mzigo wote wa kwenda Iran. Kijana mmoja juu ya matairi akaita kwa sauti, "Nakhoda!" Nikageuka haraka, nikidhani ni mtu wa kwetu.